Karibu, Lakini Karibu na Wapi?

Kuna neno moja ambalo limeua uhakiki wa picha za wadudu, nalo ni "wah!" Mtu anaweka picha ya jicho la nzi, limekuzwa mpaka limefanana na sega la asali, na sisi sote tunaandika wah, moto, noma, halafu tunasonga. Hakuna anayeuliza picha hiyo ni nzuri kwa sababu gani. Hakuna anayeuliza kama ni picha iliyo nzuri au ni jicho tu, na mpiga picha alikuwa amesimama hapo. Ukikuza kitu chochote vya kutosha kitashangaza. Chumvi ya mezani inashangaza. Ukoko wa ugali unashangaza. Kama mshangao ndio kipimo, basi kazi yote imefanywa na lenzi, na lenzi haina haja na mhakiki.

Nimelibeba swali hili kwa wiki tatu kwa sababu ya rafiki yangu mmoja. Yeye ni fundi wa simu, ana kameza kadogo Luthuli Avenue, upana wake haupiti gazeti lililofunuliwa. Siku sita za wiki anachungulia bodi za simu kupitia darubini, anashika kwa kibanio vipande vidogo kuliko punje ya wimbi. Siku ya saba anatoka na kamera. Ni miaka mitatu sasa anapiga wadudu na mimea kwa karibu, na folda yake ina picha 214. Hajasomea. Hajaonyesha popote isipokuwa kwenye status yake. Juzi kampuni fulani ikamwambia inataka picha 12 za kalenda ya mwaka ujao, na pesa waliyotaja ingemlipia kodi ya miezi kadhaa. Akaniletea folda yote. Akasema, "Buda, wewe ndiye msee wa maneno. Nichagulie. Na usinibembeleze."

Kwa hivyo simsifu rafiki hapa. Nasoma kazi yake jinsi ningesoma riwaya ya mtu nisiyemjua, kwa sababu naona amateur anastahili heshima hiyo. Watu wakikwambia tu kwamba unajitahidi, wamekataa kukutazama.

Kwanza tujue anavyofanya. Kamera yake ni ya mitumba, na lenzi ni ile ya kawaida inayouzwa nayo, 18 hadi 55. Lenzi ya makro yenyewe hana, bei yake inaweza kufungua kibanda cha pili. Alichofanya ni kununua pete ya kugeuzia, kipande cha chuma cha bei ya sahani ya pilau, akaifunga lenzi kinyumenyume. Kioo kilichoundwa kuipunguza dunia ili itoshe ndani ya kamera, ukikigeuza kinaanza kuikuza. Ukiivuta hadi 55 mdudu anajaa kiasi. Ukiirudisha 18 miguu yake inatoka nje ya fremu. Lakini kuna gharama. Kamera haijui tena kwamba ina lenzi, kwa hivyo haikusaidii. Fokasi unaitafuta kwa mwili wako, unainama mbele, unarudi nyuma, na ule ukanda ulio safi pengine haufiki nusu milimita. Ukipumua umeupoteza. Mdudu naye anapaswa kuwa karibu sentimita tano tu kutoka kwa kioo. Kulainisha mwanga wa flashi amekata kikopo cheupe cha yogati akakivalisha kwenye taa. Ukimwona shambani amejikunja hivyo, na kikopo cha yogati mbele, unaelewa kwa nini hakuna askari anayemsumbua. Mjini ukitoa kamera mbele ya jengo, mlinzi anakuja mbio. Ukiinamia kichaka watu wanadhani umepoteza funguo.

Mwaka wake wa kwanza ni wa picha safi. Picha namba 31 ni nyuki, uso mzima, na kila unywele umesimama peke yake. Jicho, papasi, vumbi la chavua kwenye paji, vyote viko kwenye fokasi, kitu ambacho nimesema hapo juu hakiwezekani kwa picha moja. Na kweli si moja. Ni picha 40 zilizopigwa moja baada ya nyingine, kila moja fokasi ikisogea kidogo, kisha kompyuta ikazipanga na kuchukua sehemu safi ya kila moja. Ili ufanye hivyo nyuki lazima atulie kabisa, na nyuki hatulii. Namba 31 alikaa kwenye friza usiku mzima. Amekufa. Wako kama 20 hivi kwenye folda, na nyuma ya kila mmoja kuna weusi mtupu.

Hizo ndizo kampuni ilizipenda zaidi. Ukizitazama kwenye simu utazipenda pia.

Sasa, usidhani nina shida na mdudu aliyekufa. Nilisomea zuolojia mpaka mwaka wa tatu, kabla ada haijanishinda na nikaenda zangu. Kwenye maabara tulikuwa wanafunzi sita kwa darubini moja, na karibu kila mdudu niliyemchora alikuwa na pini mgongoni. Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yana makabati ya wadudu waliokaushwa, na ni hazina kwelikweli. Lakini mwalimu yeyote wa somo hilo atakwambia jambo moja mapema: chini ya kila mdudu kwenye ile pini kuna karatasi ndogo, imeandikwa mahali, tarehe, na aliyemkusanya. Hiyo ndiyo lebo. Mdudu asiye na lebo, hata awe mzuri namna gani, kwa sayansi ni takataka. Hakuna atakayejua aliishi wapi, alionekana mwezi gani, wala kama mahali pale pamebadilika tangu siku ile.

Namba 31 haina lebo. Fundi mwenyewe hakumbuki alimtoa wapi. Hapo ndipo picha inaponishinda, si kwa sababu ya huruma peke yake. Kila picha ya karibu inakata kitu. Ukisogea unaacha nje jani, kichaka, barabara, kelele, jua la saa hiyo. Hakuna ubaya, kukata ndiyo kazi yenyewe. Swali langu kwa kila picha ya aina hii ni kwamba baada ya kukata, mpiga picha amerudisha nini? Namba 31 imekata uhai, mahali na saa, ikanirudishia usafi. Kwangu hiyo biashara haina faida.

Kuna mtu aliyekata kuliko wote na akarudisha vizuri, naye ni Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa 1865. Yeye pia hakusomea upigaji picha. Ujanani alifunzwa kazi kwenye kiwanda cha kusubu chuma, baadaye akafundisha Berlin, kwenye chuo cha sanaa za ufundi, kwa zaidi ya miaka 30. Kamera alijiundia mwenyewe. Mimea aliyoipiga haikuwa maua ya dukani. Mingi ilikuwa magugu ambayo wewe na mimi tungeyakanyaga. Aliyakata, akayapunguza majani, akayasimamisha mbele ya karatasi tupu, akayakuza, mengine zaidi ya mara 20. Zilikuwa picha za kufundishia tu, wanafunzi waone umbo. Mwaka wa 1928, akiwa na zaidi ya miaka 60, zikatoka kwenye kitabu kiitwacho Urformen der Kunst, picha 120, akawa maarufu karibu ghafla. Mhakiki Walter Benjamin alikiandikia kitabu hicho mwaka huohuo.

Tazama picha yake ya vile vijikamba vya malenge vinavyojisokota kushika ukuta. Mwenye macho ya Nairobi anaona grili ya dirisha, kazi ya fundi wa kuchomea vyuma pale barabarani. Na si bahati. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya chuma aliangalia mmea akaona chuma. Blossfeldt ametoa shamba, ametoa udongo na upepo, lakini amekuachia wazo ambalo hukuwa nalo: kwamba fundi wa grili na malenge wanatatua tatizo moja, namna ya kupata nguvu kwa kitu chembamba. Baada yake huwezi kuona seveve kwa jicho lilelile. Chini ya picha aliandika jina la mmea na amekuza mara ngapi. Mahali hakuandika, na kwa kazi yake hapakuhitajika, kwa sababu kitabu chote kinazungumzia umbo.

Mwingine ni Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, alipiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na darubini. Aliendelea mpaka kufa kwake mwaka wa 1931, akaacha zaidi ya picha 5,000. Mhusika wake anayeyuka akiangaliwa, kwa hivyo alifanya kazi kwenye kibanda chenye baridi ileile ya nje, pumzi ameizuia. Bentley naye alikata: alikwangua negativu kuzunguka chembe ili nyuma pawe peusi, na wapo wanasayansi waliomlaumu kwa hilo. Lakini alikuwa pia akiandika kumbukumbu za hali ya hewa, dhoruba kwa dhoruba, ili ajue baridi ipi huleta umbo lipi. Weusi wa Bentley una lebo.

Fundi wangu ana mkono wa Blossfeldt na, kidogokidogo, anapata tabia ya Bentley. Unaona mabadiliko kuanzia picha ya 90 hivi. Friza inapotea. Nilipomuuliza kwa nini, hakunipa hotuba. Alisema alichoka kupiga maiti. "Kazini nafungua simu zilizokufa siku sita. Ya saba pia?"

Bila friza ilibidi atafute utulivu kwingine, akaupata kwenye Julai. Sisi tunaojua Nairobi ya Julai tunaijua kwa sweta na chai. Mdudu anaijua kwa mwili, kwa sababu damu yake haina joto lake yenyewe. Kukiwa na baridi hawezi kuruka mpaka jua limpashe. Kuna nyuki wa aina isiyokaa mzingani, na madume wao hulala nje, wameuma kijiti kwa taya, mwili wote unaning'inia hewani. Ukifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi unawakuta bado wamelala, na umande juu ya migongo. Una kama nusu saa.

Nimeenda naye mara mbili, Arboretum. Matembezi yenyewe ni magumu kuliko picha zinavyokwambia. Unapanda mathree ya kwanza gizani, unalipa kiingilio na vidole vimekufa ganzi, halafu unatembea polepole kama mtu anayetafuta sindano. Asubuhi moja tulirudi bila chochote, viatu vimelowa. Ya pili alipata nyuki watatu kwenye kijiti kimoja. Hiyo ni picha namba 148, na ni miongoni mwa bora alizonazo. Kwa ufundi iko chini ya 31. Ni nyuki mmoja tu aliye kwenye fokasi, na kwake ni taya peke yake, zimeshika kijiti. Wengine wawili ni ukungu wa rangi ya udongo. Nyuma si nyeusi. Ni kijivu cha alfajiri, na doa moja la manjano ambalo nadhani ni taa ya barabara ambayo haijazimwa. Lakini taya zile zinabeba uzito na unauhisi. Unajua hawa wako hai, wamechoka, na kuna mtu aliyefika kabla hawajaamka na akaondoka bila kuwaamsha. Chini ameandika: Arboretum, Julai, saa 12:40 asubuhi, upepo hakuna. Bustani ile ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, injini za reli zipate kuni. Yaani mahali palipopandwa ili pachomwe, leo nyuki wanapaumia taya usiku kucha. Namba 148 haisemi hayo yote. Ila imeacha mlango wazi ili niyafikie, na 31 ilikuwa imeufunga.

Najua utakachosema. Picha ijisemee. Kama inahitaji maelezo, imeshindwa. Nimesikia hoja hii sana, na wanaoitoa huwa na picha zenye majina ya kishairi chini yake, "Upweke", "Safari", vitu kama hivyo. Lebo si ushairi, na haimwambii mtu ahisi nini. Inamwambia picha hii ni ya wapi. Fundi ana kereng'ende sita wa Karura, wazuri, wekundu, na nne kati yao zingeweza kupigwa Thailand au Brazil bila tofauti yoyote. Ukiandika Karura, ghafla mdudu amesimama kwenye msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999 wakiuzuia usigawanywe viwanja. Kereng'ende hajabadilika hata chembe. Wewe ndiye umejua kwamba kuwepo kwake hapo kulipiganiwa.

Si kwamba kila picha yenye lebo inasimama. Fundi ana matone ya umande 17, kila tone limeshika ua lililogeuzwa chini juu, na ningefuta 16. Huo ni mchezo unaojulikana, ua unaliweka nyuma, tone linafanya kazi ya lenzi, basi. Ana pia tabia ya kuongeza rangi mpaka kijani kinauma macho. Mtu mwenye subira ya nyuki wa Julai hana sababu ya kupiga kelele hivyo.

Picha iliyonifanya niamini kwamba karibu kunaweza kurudisha kitu chenye uzito ni namba 177. Kando ya reli, upande wa Eastlands, kuna mama anayepanda kunde kwenye kipande cha ardhi ambacho si chake wala cha yeyote anayemjua. Fundi aliinamia kunde zake Jumapili moja, nikiwa nyuma nimebeba begi. Shina zilikuwa zimejaa vidukari weusi, wamebanana kama abiria wa saa kumi na moja jioni. Kwa lenzi walikuwa wanang'aa. Fundi akasema, "Si ni wazuri!"

Mama alikuwa anasikia. "We kijana, unapiga picha ya shida yangu?"

"Pole, mama."

"Hiyo unayoita nzuri ndiyo imenimaliza msimu huu."

Hapo picha ingeweza kufia. Uzuri wake na hasara ya mama vilikuwa kitu kimoja, na lenzi haina njia ya kukwepa hilo. Fundi akampa kamera aangalie kwenye skrini. Mama akaishika kwa muda, akauliza, "Na hawa sisimizi wanawala?" Katikati ya vidukari kulikuwa na sisimizi mmoja, papasi zimegusa mgongo wa kidukari, na tone dogo linatoka. Hawali. Sisimizi anakunywa lile tone tamu, na kwa malipo hufukuza maadui wa vidukari, wakiwemo wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi. Nilimweleza hivyo, zuolojia ya miaka mitatu ikapata kazi kwa dakika tano. Mama alikuwa akifurahi kuona sisimizi, akidhani wanamsaidia. Akatingisha kichwa. "Kumbe ni askari wao." Akaenda kuchukua majivu, akayamwaga kwenye njia yao.

Namba 177 haina ulinganifu. Shina linakata fremu vibaya, na kona ya chini kuna ukungu ambao ni kunde nyingine imeingilia. Lakini kila kitu kiko pale: tone, papasi, msongamano, na ukiangalia vizuri, vumbi jekundu la reli kwenye jani. Ukaribu huu umemrudishia mwenye shamba kitu kilichokuwa chake na alikuwa hakioni. Nikiulizwa amateur ana faida gani kwenye mji wenye wapiga picha wengi wa kulipwa, nitaonyesha hii. Wa kulipwa ana muda wa kazi aliyotumwa. Amateur ana Jumapili nzima ya kuinamia kunde za mtu, na akiulizwa anafanya nini, anaweza kumpa mtu kamera aone.

Nilimpelekea fundi orodha yangu ya 12. Hakuna hata moja ya friza. Nyuki wa 148 yumo, kunde zimo, kereng'ende wawili wenye jina la msitu wao, tone moja la umande kati ya 17, na kila moja na lebo yake. Akaituma ilivyo. Kampuni ikajibu baada ya siku mbili: wamechukua 11 na lebo wamekubali, ila moja wameomba ibadilishwe, kwa sababu itatisha wafanyakazi. Fundi akawapa kipepeo. Kodi ni kodi, na simlaumu.

Waliyoikataa ni Nairobi flai. Sote tunamjua mdudu huyu kwa ngozi, si kwa macho. Jina linamwita nzi na yeye ni mbawakawa, mwembamba, mwekundu na mweusi, mabawa amekunja chini ya vigamba vifupi mgongoni. Haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inakupata ukimponda tu, kisha asubuhi unaamka na lengelenge shingoni kana kwamba umepigwa pasi. Mvua ikinyesha sana wanaingia ndani kufuata taa. Kwenye picha ametulia juu ya pazia la maua la fundi, vigamba vyake vina buluu ya chuma ambayo sikuwahi kujua anayo, na juu yake kuna nukta nyeupe, balbu ya chumba. Pembeni, nje ya fokasi, kuna kitu kikubwa cha rangi ya kahawia. Ni kidole gumba cha fundi. Kinamkaribia au kinaondoka, picha haisemi. Lebo inasema: ndani ya keja, Aprili, saa nne usiku, stima imerudi sasa hivi.

Mdudu mwenye jina la mji wetu, na mkono wa mtu ambaye bado hajaamua. Mimi ningemweka Aprili, mwezi wake, juu ya meza ya kila ofisi.